Kuku wa oveni na matufaha: kwa nini tunda hurojeka na mchuzi huwa mtamu kupita kiasi

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Nilitaka kupika kuku na matufaha kwenye sufuria moja ya oveni, kile chakula cha kushibisha cha majira ya majani kupukutika. Nilikata kuku mzima vipande vinane, nikatia matufaha manne yaliyomenywa na kukatwa vipande vidogo, plamu kavu, kitunguu, nusu lita ya juisi ya tufaha na vijiko viwili vikubwa vya asali. Nikafunika na kupika saa moja na nusu kwa nyuzi 180. Matufaha yaliyeyuka yote, mchuzi ukawa mwepesi na mtamu kama sharubati, kidari kikakauka na ngozi ikawa kama mpira. Nilikosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, umetaja kasoro nne, na karibu zote zimetoka mahali pamoja: kila kitu kiliingia sufuriani kwa wakati mmoja. Paja la kuku linataka karibu saa nzima ya oveni. Kidari kinataka nusu ya muda huo. Plamu kavu zinatosheka na nusu saa, na tufaha robo saa tu. Ukivifungia vyote chini ya mfuniko kwa dakika 90, kitakachonufaika ni paja peke yake. Kwa hiyo usitafute viungo vipya, panga zamu. Kasoro ya utamu ina hesabu yake ya pembeni, nitaifikia.

Kwanza ndege mwenyewe. Kwa chakula hiki chukua mapaja yenye mfupa na ngozi, uache kidari kwa siku nyingine. Nyama ya kuku ni salama kuliwa ikifika nyuzi 74 katikati, na kidari kikifika hapo kiko tayari; kila dakika inayozidi inakikamua maji. Paja ni kinyume chake. Lina tishu nyingi za kolajeni, ile protini ngumu inayoshikanisha nyama, na kwa nyuzi 74 bado linavutana mdomoni, hasa karibu na kiungo. Lipeleke hadi nyuzi 85 au 90, kolajeni igeuke jelatini, nyama ilainike na mchuzi upate ule unato mzuri wa midomoni. Ndiyo maana kuwapika wawili hawa pamoja kwa muda uleule lazima kumharibu mmoja. Kama una kipimajoto cha nyama, kichome sehemu nene bila kugusa mfupa, kwa sababu mfupa unadanganya.

Sasa hesabu ya utamu. Juisi ya tufaha, hata isiyoongezwa sukari, ina karibu gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Nusu lita yako ilileta gramu 50. Vijiko viwili vikubwa vya asali vilileta kama gramu 35. Matufaha manne ya wastani, kama gramu 60, na kwa kuwa yaliyeyuka, sukari yake yote iliingia kwenye mchuzi badala ya kubaki ndani ya tunda. Hapo ni karibu gramu 145 kabla hujahesabu plamu kavu, na hukutaja tone la siki wala la ndimu. Mpishi yeyote angepata sharubati. Asali iache kabisa. Katika chakula hiki tunda ndilo linaloleta utamu, na kazi ya mpishi ni kuleta chumvi na ukali wa kuusawazisha.

Wapishi wa Normandie, kaskazini mwa Ufaransa, kwenye mashamba mengi ya matufaha, hupika kuku wao kwa pombe ya tufaha iliyochachuka hadi ikawa kavu. Sukari ya juisi imeshaliwa na hamira, umebaki ukali na harufu, na ndipo wanapoweza kuongeza matufaha na krimu bila chakula kugeuka kitindamlo. Kama unatumia pombe jikoni, chagua ile kavu, si ile tamu ya chupa. Kama hutumii, usiamini sana maneno kwamba pombe huyeyuka yote motoni. Sehemu yake hubaki hata baada ya kupika kwa muda mrefu. Juisi kidogo, supu ya kuku na siki ya tufaha vinakufikisha palepale, na ndivyo nitakavyoeleza hapa.

Kwa watu wanne hadi watano, andaa mapaja manane yenye uzito wa kama kilo 1.3 kwa jumla, gramu 13 za chumvi laini (vijiko viwili vya chai, vya kufuta juu), kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, vitunguu maji viwili vikubwa, punje tatu za kitunguu saumu, gramu 25 za unga wa ngano ambazo ni vijiko vikubwa vitatu vya kufuta, mililita 250 za juisi ya tufaha, mililita 300 za supu ya kuku isiyo na chumvi, kijiko kikubwa kimoja cha haradali, kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole gumba, pilipili manga, plamu kavu kumi zisizo na kokwa, matufaha matatu magumu, gramu 20 za siagi na vijiko viwili vikubwa vya siki ya tufaha. Karoti mbili ukipenda. Karafuu ni moja tu, au usitie kabisa. Mbili zinatosha kufunika ladha ya kila kitu kingine.

Chumvi ipake mapema, na hapa usifanye haraka. Kausha mapaja kwa karatasi ya jikoni, paka chumvi pande zote, yapange kwenye sahani ngozi ikiwa juu, yaweke kwenye friji bila kufunika usiku kucha, au angalau saa moja. Usiyaoshe kwa maji ya bomba: maji hayo hurusha vijidudu kwenye sinki na meza, wala hayasafishi nyama. Chumvi itaingia ndani na hewa ya friji itakausha ngozi. Ngozi yenye maji haiwezi kugeuka kahawia mpaka maji yote yaondoke, na wakati huo nyama iliyo chini yake imeshaanza kukakamaa.

Kaanga kwenye sufuria nzito inayoingia oveni, yenye mfuniko wake. Ya chuma cha kusubu ndiyo bora kwa sababu inashika joto. Tia mafuta, weka moto wa wastani, panga mapaja ngozi ikiwa chini, manne kwa awamu. Ukiyabananisha yote manane, mvuke hauna pa kutokea na yatachemka badala ya kukaangika. Kisha yaache. Dakika mbili za kwanza utasikia mlio mkali wa maji yanayokimbia, na ukijaribu kuinua paja utaona ngozi imenata. Usilivute. Baada ya dakika sita au saba mlio unashuka na kuwa wa chini, mafuta ya kuku yameanza kutoka na kuzunguka kingo, na ngozi inaachia sufuria yenyewe. Endelea hadi dakika ya nane au kumi, mpaka iwe na rangi ya kahawia iliyokolea sawasawa. Geuza upande wa nyama kwa dakika mbili, toa. Rangi unayoipata hapa haitaongezeka sana baadaye ndani ya mvuke, kwa hiyo usikubali ngozi ya manjano iliyofifia.

Mimina mafuta yaliyozidi, bakiza kama vijiko viwili vikubwa. Ukiyaacha yote yataelea juu ya mchuzi na kuzima ladha ya tunda. Weka vitunguu vilivyokatwa vipande vinene, na karoti, moto mdogo, dakika kumi, mpaka vilainike na kuanza kupata rangi. Maji yake yatalegeza ukoko wa kahawia uliobaki chini. Ukoko huo ndio nusu ya ladha ya mchuzi wako, ilimradi haujaungua. Kama umekuwa mweusi, pangusa sufuria na uanze na mafuta mapya, maana uchungu wake hautoki. Tia saumu iliyopondwa kwa nusu dakika, kisha unga, koroga dakika moja au mbili uondoe ubichi. Mimina juisi kidogo kidogo huku ukikwaruza chini kwa mwiko wa mbao, iache ichemke ipungue hadi nusu. Ongeza supu, haradali, mdalasini na pilipili manga. Siki bado. Asidi ikichemshwa kwa muda mrefu pamoja na unga huvunja wanga, na mchuzi uliokuwa umeshika hulegea tena.

Hapo ndipo siri ya ngozi isiyo ya mpira inapofanya kazi. Rudisha mapaja ngozi ikiwa juu, uangalie mchuzi umefika wapi: uguse nusu ya ubavu wa paja, usipande juu ya ngozi. Ukizidi, teka uuweke pembeni. Oveni iwe imeshapata nyuzi 180, au 160 kama ina feni. Funika kwa dakika 25 za kwanza tu. Baada ya hapo ondoa mfuniko na usiurudishe. Mfuniko unakusanya mvuke na kuudondosha tena juu ya ngozi na ndani ya mchuzi. Dakika 90 za mvua hiyo ndizo zilizokupa mpira na maji. Kuku mwenyewe hutoa maji, na tufaha ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo sufuria iliyofunikwa muda wote huwa na mchuzi mwingi mwishoni kuliko ulivyotia mwanzo.

Unapoondoa mfuniko, penyeza plamu kavu kati ya mapaja, zizame kwenye mchuzi. Zikibaki juu zitaungua na kuwa ngumu kama ngozi ya kiatu. Kama ni kavu sana hata zinakunjika kwa shida, ziloweke kwanza dakika 20 kwenye supu ya moto, na supu hiyo irudi sufuriani. Zikitiwa tangu mwanzo hupasuka na kuupa mchuzi rangi ya matope.

Dakika 15 baadaye ni zamu ya matufaha, na hapa kuchagua ni muhimu kuliko kupika. Seli za tufaha zimeshikanishwa na pektini, gundi ya asili ya tunda, na joto linaiyeyusha. Aina nyingine huachia polepole, nyingine huachia zote kwa mkupuo. Bramley, tufaha la kupikia linalopendwa sana Uingereza, hugeuka povu ndani ya dakika chache. Ni zuri kwa rojo, halifai hapa. McIntosh nalo hulegea upesi. Granny Smith, Braeburn, Pink Lady na Golden Delicious hubaki na umbo. Kati ya hizo, Granny Smith ndiyo ningekushauri kwanza, kwa sababu ukali wake unakusaidia kupigana na utamu. Kama hujui jina la tufaha ulilonalo, kata kipande, kitie kwenye kikombe cha maji yanayochemka polepole kwa dakika nane: kikibaki na kingo zake, kitafaa.

Usimenye. Ganda linashikilia kipande pamoja. Toa kokwa, kata kila tufaha vipande vinane virefu, unene wa kama sentimita mbili upande wa ganda. Vipande vidogo kama vyako vina uso mkubwa unaoguswa na mchuzi na vinaiva katikati kabla hujafunga mlango wa oveni. Kuna na njia ya kuvikaza kabla ya kupika: viweke kwenye bakuli, mwagia lita moja ya maji yanayochemka, acha dakika kumi, chuja, kausha. Maji yanapokutana na tunda baridi hushuka hadi nyuzi 70 na kitu, na katika joto hilo kimeng'enya kilichomo ndani ya tufaha huiweka pektini katika hali ya kushikamana na madini ya kalsiamu, ikawa ngumu kuyeyuka hata ukiipeleka kwenye moto mkali baadaye. Inaonekana kama kazi ya ziada, lakini kwa aina laini inaokoa chakula.

Kisha siagi kwenye kikaango, moto mkubwa kiasi, vipande vilale upande mmoja bila kuguswa kwa dakika mbili, vigeuzwe kwa dakika mbili nyingine. Unataka madoa ya kahawia na katikati bado ngumu. Visambaze juu ya chakula, kati ya mapaja, nusu ndani ya mchuzi na nusu nje, rudisha oveni dakika 15 za mwisho. Jumla imekuwa dakika 55. Chomeka ncha ya kisu kwenye tufaha: iingie kwa urahisi huku ukihisi upinzani kidogo katikati, kwa kuwa joto la sufuria litaendelea kulipika hata baada ya kutoka. Kama ngozi ya kuku bado haijakakamaa, washa moto wa juu wa oveni kwa dakika tatu, usiondoke hapo mlangoni.

Toa mapaja na matunda kwenye sahani, rudisha sufuria jikoni uuangalie mchuzi. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi, umefika. Ukijifunga tena, chemsha bila mfuniko dakika nne au tano. Kuupunguza ni bora kuliko kuongeza unga, isipokuwa chumvi imeshakuwa kali. Hapo koroga kijiko cha chai cha wanga wa mahindi kwenye maji baridi, utie, uchemshe dakika moja. Sasa ndiyo siki: kijiko kikubwa kimoja, onja, kisha kingine kidogo kidogo. Utaujua mwisho wake, kwa maana ghafla unasikia ladha ya kuku mbele na tunda nyuma. Kabla ya siki ilikuwa kinyume. Ukikosea ukazidisha siki, siagi ya ukubwa wa punje ya zabibu huituliza. Ukitaka krimu, tumia ile yenye mafuta asilimia 30 au zaidi, mililita 80 zinatosha, uitie moto ukiwa mdogo. Krimu nyepesi hukatika mara tu inapokutana na siki na moto.

Kama ni lazima utumie kuku mzima kwa sababu ndiye uliyenaye, mkate hivyohivyo, kaanga vipande vyote, lakini vidari viache na mfupa wake na uvirudishe sufuriani dakika ile unapoondoa mfuniko. Vitapata dakika 30, na ukipima uvitoe mara vikifika 74, hata kama mapaja yanaendelea. Mgongo na ncha za mabawa chemsha upate supu. Jelatini yake inashinda kipande chochote cha supu ya dukani, na haina chumvi ya kukuharibia hesabu.

Bata anapenda matunda kuliko hata kuku, kwa sababu mafuta yake mengi yanahitaji ukali. Tumia miguu, itoboe ngozi kwa ncha ya kisu bila kufika kwenye nyama, ianze kwenye kikaango baridi, moto mdogo, dakika 15 hadi 20 mafuta yatoke. Oveni ni saa moja na nusu hadi mbili, matunda dakika zilezile za mwisho. Paja la bata mzinga nalo ni la saa moja na nusu, na supu iongezwe robo. Kanga ana mafuta machache. Mpike kama kuku lakini mpake siagi chini ya ngozi.

Tufaha unaweza kulibadilisha na peasi, ilimradi iwe ngumu, ile ambayo ungesema bado siku tatu iliwe. Bosc na Conference huvumilia oveni; Williams iliyoiva huporomoka. Peasi haina ukali wa kutosha, kwa hiyo ongeza siki. Aprikoti kavu hukaa mahali pa plamu kavu bila kubadilisha muda, na ni kali zaidi. Plamu mbichi zina maji mengi: zikate nusu, ziweke dakika kumi za mwisho, upunguze supu kwa mililita 50. Zabibu mbichi ni dakika tano tu, zipate moto bila kupasuka.

Kama unapika leo kwa ajili ya kesho, ishia kwenye hatua ya plamu kavu, kabla ya zamu ya matufaha. Poza ndani ya saa mbili, weka kwenye friji, na kesho yake bandua mafuta yaliyoganda juu. Pasha moto oveni nyuzi 180 bila mfuniko kama dakika 25, ukitia matufaha yaliyokaangwa upya dakika 15 za mwisho, mpaka nyama ifike tena 74 katikati. Mabaki yenye matufaha ndani yanakaa siku tatu kwenye friji, ila tunda litakuwa laini zaidi kila unapopasha. Usiyagandishe hivyo: tufaha lililopikwa likitoka kwenye barafu huachia maji yake yote. Gandisha mapaja na mchuzi peke yake, na ukiuona mchuzi umekatika baada ya kuyeyuka, uchemshe huku ukiupiga kwa mchapo mpaka ushikane.